Kuhuisha Mfumo wa Mbele na Usukani wa Datsun 240Z: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali yanayoletwa na watu waliopata Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, kwa mara ya kwanza hufanana sana. Usukani unatetemeka gari likikaribia kilomita 90 kwa saa. Gari linavutia upande mmoja breki zinapokanyagwa. Kuna mgongano wa chuma kwa chuma kila gurudumu linapoingia shimoni. Alaimenti (upangaji wa magurudumu) imefanywa mara mbili au tatu na bado tairi zinalika upande wa ndani. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: mipira na viungo vya mbele vimekwisha, na hakuna alaimenti wala balansi inayoweza kuponya kitu kilichokwisha.

Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka 1969 na likakoma mwaka 1973, kwa hiyo hata lile la mwisho kabisa limepita miaka 50. Huku Afrika Mashariki jina lake lilijengwa na mashindano ya magari ya Safari Rally, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda kwa 240Z mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakayashinda kwa gari la aina hiyohiyo mwaka 1973. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imewafanya wamiliki wengi waamini kwamba mfumo wa mbele wa gari hili hauchoki. Magari ya mashindano yalikuwa na mafundi wakiyasubiri njiani. Gari lako limekaa miongo mitano na mipira ambayo pengine haijawahi kuguswa, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Mwongozo huu unamfaa mtu anayeweza kushika spana, ambaye ameshabadilisha breki au shokapu za gari la kawaida, lakini hajawahi kuufungua mfumo mzima wa mbele. Hatua zake zinafaa pia kwa 260Z na 280Z zilizolifuata, ingawa vipuri vingine hutofautiana. Agiza kwa kufuata namba ya chesisi: HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, HLS30 ni ya usukani wa kushoto, na RS30 ni 260Z ya usukani wa kulia.

Jinsi mfumo huu unavyofanya kazi

Kila gurudumu la mbele limefungwa kwenye shokapu ndefu iliyosimama, ikiwa na springi juu yake, na kichwa cha shokapu kimefungwa kwenye bodi kwa nati tatu zinazoonekana ukifungua boneti. Chini, shokapu imeungana na mkono wa usukani, mkono huo umeshikwa na boljointi (kiungo cha duara kinachogeuka pande zote), na boljointi imefungwa kwenye ncha ya amu ya chini. Ncha ya ndani ya amu imeshikwa na bolti moja ndefu inayopita katikati ya bushi (mrija wa mpira) kwenye krosimemba (boriti ya chuma inayovuka gari kwa chini). Kwa kuwa amu hii ni nyembamba na haiwezi peke yake kuzuia gurudumu lisiende mbele na nyuma, kuna rodi inayotoka kwenye amu kuelekea nyuma hadi kwenye kikombe cha chuma kilichochomelewa kwenye fremu. Nitaiita rodi ya kuzuia. Usukani wenyewe ni wa raki (fito ya meno inayosogea kushoto na kulia), yenye tairodi mbili (fito zinazogeuza magurudumu), na raki inaungana na shafti ya usukani kwa kapulingi yenye mpira. Mbele ya vyote kuna stabilaiza, fimbo ya chuma inayopunguza gari kulala kwenye kona.

Pima kwanza, nunua baadaye

Usiagize kipuri chochote kabla ya kufanya vipimo hivi. Inua mbele ya gari, uliweke juu ya stendi chini ya fremu, magurudumu yakining'inia.

Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea breki zikiwa zimekanyagwa, tatizo ni beringi za gurudumu, kwa sababu breki imelifunga habu (kitovu cha gurudumu) na shokapu kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, angalia boljointi na bushi ya amu. Kwenye mfumo huu boljointi haibebi uzito wa gari, kwani uzito unapita kwenye springi hadi kichwani mwa shokapu, kwa hiyo kipimo chake sahihi hufanyika gurudumu likiwa linaning'inia: ingiza mtaimbo chini ya tairi, inua kidogo, na utazame kama ncha ya amu inaachana na mkono wa usukani.

Kisha shika tairi kushoto na kulia. Mchezo wa upande huu unatoka kwenye tairodi, bushi za raki au raki yenyewe. Weka kidole juu ya kiungo cha tairodi wakati mwenzako anatikisa, kwa sababu kidole huhisi mchezo ambao jicho haliuoni.

Shusha gari. Mwenzako azungushe usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho huku wewe umeshika springi kwa kiganja. Springi ikijikunja halafu ikaruka ghafla, beringi ya kichwa cha shokapu imekwama. Mwisho, mwenzako akanyage breki huku wewe ukilisukuma gari mbele na nyuma, na mtu wa tatu atazame rodi ya kuzuia kwenye kikombe chake. Rodi ikitembea mbele na nyuma kwa kiasi kinachoonekana wazi, mpira wake umekwisha, na hapo ndipo unapotoka ule mgongano wa kila unapofunga breki.

Kabla hujaondoka chini ya gari, chukua bisibisi na ugonge fremu kuzunguka kikombe cha rodi ya kuzuia na sehemu iliyo chini ya sahani ya betri. Maji ya betri hula sahani, halafu hushuka hadi kwenye fremu. Kwa magari yaliyoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, chumvi ya bahari huongezea. Bisibisi ikizama, kazi yako ya kwanza ni ya mchomeleaji, na mipira mipya itasubiri. Kikombe kilichooza kikiachia kwenye mwendo wa kasi, gurudumu linarudi nyuma na usukani haukusaidii tena.

Vitu vya kuandaa

Vipuri: boljointi mbili, viungo vya nje vya tairodi viwili, bushi za ndani za amu mbili, seti ya mipira ya rodi ya kuzuia, bushi za raki, mipira ya vumbi ya raki, mpira wa kapulingi, bushi na linki za stabilaiza, katriji mbili za shokapu (shokapu zilizofungwa kamili, za kuingiza ndani ya mrija wa zamani), beringi za vichwa vya shokapu, mipira ya kugotea, beringi na sili za magurudumu, kota pini mpya (pini za kuzuia nati isilegee), na nati mpya za kujifunga. Ukinunua kwa mafungu, nunua daima kwa jozi. Boljointi mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili hulifanya gari liwe na tabia mbili tofauti kwenye kona.

Vifaa: stendi mbili imara na jeki ya gereji, spana za milimita, spana ya torki, kibana springi cha kulabu mbili, nyundo mbili za uzito wa wastani, kitoa boljointi cha skrubu, spana kubwa ya bomba, brashi ya waya, mafuta ya kupenya, bomba la grisi, jiliwa, na njia ya kupata presi. Kama huna presi, fundi yeyote wa kubadilisha beringi atakusukumia bushi kwa malipo madogo, na usijaribu kuziingiza kwa nyundo.

Pata pia kitabu cha ufundi cha kiwandani cha mwaka wa gari lako. Viwango vya kukaza vimo humo, kila bolti na chake, na hupaswi kuvichukua kwa mtu anayekumbuka kwa kichwa.

Tenga siku mbili nzima, na mahali ambapo gari linaweza kulala juu ya stendi bila kuguswa.

Mpira au polyurethane?

Hili huulizwa kuliko yote. Bushi za polyurethane zinadumu na hazidhuriwi na mafuta, lakini ni ngumu. Kwenye stabilaiza ni nzuri. Kwenye raki ni nzuri sana, kwa sababu raki haitakiwi kutembea hata kidogo. Kwenye amu ya chini zinakubalika, mradi zipakwe grisi ya silikoni iliyokuja nazo, la sivyo zitapiga kelele kila tuta.

Kwenye rodi ya kuzuia, usiziweke pande zote mbili. Rodi ile hupinda pembe kila gurudumu linapopanda na kushuka, na mpira laini ndio unaoiruhusu ipinde. Ukiifunga kwa kitu kigumu mbele na nyuma, chuma chenyewe hulazimika kupinda mahali pale pale mara maelfu, na wamiliki wengi wa gari hili duniani wameshuhudia rodi ikikatika kwenye shingo ya nyuzi. Kwa barabara zetu za vumbi zenye mawimbi, ambako gurudumu halitulii hata sekunde moja, mimi nashauri mpira wa kawaida pande zote mbili.

Hatua za kazi

1. Weka usukani katikati, magurudumu yakitazama mbele kabisa, halafu piga alama ya rangi kwenye kapulingi na kwenye shafti ya raki inapoingia. Alama hii itakuokoa saa nzima baadaye. Nyunyizia mafuta ya kupenya kwenye kila nati utakayoifungua, ikiwezekana tangu jioni ya siku iliyotangulia.

2. Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini. Weka vigingi nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele, uweke stendi chini ya fremu, kisha ulisukume gari kwa nguvu ubavuni kabla hujaingia chini. Kama litayumba, liyumbe wakati wewe uko nje. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee hata kwa dakika moja.

3. Fungua kalipa ya breki na uining'inize kwa waya kwenye bodi. Usiiache ikining'inia kwa bomba lake la mpira, kwani bomba huchanika kwa ndani na dalili huonekana wiki kadhaa baadaye, breki zikianza kushika upande mmoja.

4. Toa kifuniko cha grisi, kota pini, nati na washa, kisha vuta habu pamoja na diski. Beringi ya nje itaanguka mkononi, kwa hiyo uwe tayari kuipokea. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na utazame njia za beringi ndani ya habu. Doa lolote la kahawia au mkwaruzo unaosikika kwa ukucha ni sababu tosha ya kubadilisha beringi pamoja na kikombe chake.

5. Toa linki ya stabilaiza, halafu kota pini na nati ya kiungo cha tairodi. Usipige ncha ya nyuzi. Njia nzuri ni kuweka nyundo moja upande mmoja wa jicho la mkono wa usukani na kupiga kwa nyundo ya pili upande wa pili. Jicho hubonyea kwa nukta moja ya wakati na pini inaachia. Ikigoma, tumia kitoa cha skrubu, kikaze, kisha piga tena nyundo. Uma wa kugongea huchana mpira wa vumbi, kwa hiyo utumie tu kwa kiungo ambacho unakitupa.

6. Hapa pana njia ya mkato halali. Mkono wa usukani umefungwa chini ya shokapu kwa bolti mbili. Ukizifungua, shokapu inaachana na amu bila kuigusa boljointi, nayo utaitoa baadaye juu ya jiliwa ambako una nafasi ya kutosha. Andika upande kwenye kila mkono kwa rangi, kulia na kushoto, kwa sababu hazibadilishani.

7. Mwenzako ashike shokapu kutoka chini, wewe fungua nati tatu za juu, halafu mwishushe pamoja. Usiiguse nati ya katikati. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na mtu akiifungua kwa kufikiri ni mojawapo ya zile tatu, springi hurusha kichwa cha shokapu kwa nguvu inayoweza kuua.

8. Fungua bolti mbili zinazounganisha rodi ya kuzuia na amu, halafu nati ya nyuma kwenye kikombe. Kabla ya kutoa mipira, piga picha ya mpangilio wake: washa ipi iko mbele, mpira upi una bega, mrija wa chuma umeingia wapi. Kisha toa bolti ndefu ya ndani ya amu. Ikiwa imeshikana na kutu ndani ya bushi, igeuze kwa spana kidogo kidogo huku ukinyunyizia mafuta, kwa sababu ukiipiga tu kwa nyundo utavimbisha nyuzi na hutaitoa kabisa.

9. Sasa raki. Legeza bolti ya kubana kapulingi na ufungue vishikio viwili vya raki. Raki ikitoka, isukume kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho, mahali penye usafi. Inatakiwa kwenda kwa ulaini ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ina mchezo katikati na inabana mwishoni, meno yake ya katikati yamelika kwa sababu ndiyo yanayofanya kazi barabarani kila siku. Watu wengi hapo hukimbilia skrubu ya kurekebisha na kuikaza hadi mchezo uishe, kisha usukani hauna nguvu ya kurudi wenyewe baada ya kona. Raki iliyolika katikati inatafutiwa nyingine. Ikiwa ni nzima, fungua viungo vya nje vya tairodi ukihesabu mizunguko ya kila kimoja, toa mipira ya vumbi, futa grisi ya zamani yote, na usipuuze mchanga: mpira uliochanika huingiza mchanga unaogeuka kuwa msasa ndani ya raki. Jaza grisi mpya, funga mipira mipya.

10. Juu ya jiliwa, toa boljointi za zamani, safisha amu kwa brashi ya waya, na uzitazame kwa makini. Amu iliyopinda utaigundua ukiziweka mbili juu ya meza tambarare na kulinganisha, moja ikiwa imegeuzwa. Usiinyooshe kwa moto, badilisha. Toa bushi za zamani kwa presi. Bushi mpya za mpira zina gamba la chuma na huingia zikiwa kavu au zikiwa zimepakwa maji ya sabuni, na usipake grisi ya kawaida kwenye mpira, kwa sababu huuvimbisha na kuuozesha. Funga boljointi mpya.

11. Bana springi kwa kibana springi, kulabu mbili zikiwa zinatazamana, na ukaze kila upande mizunguko michache kwa zamu ili springi ibanwe sawasawa. Endelea hadi springi izunguke kwa mkono kwenye kiti chake. Hapo tu ndipo unapofungua nati ya katikati. Simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya kichwa cha springi. Toa kichwa, beringi yake na mpira wa kugotea, ambao mara nyingi huvunjika vipande vipande mkononi.

12. Fungua nati kubwa ya juu ya mrija wa shokapu kwa spana ya bomba. Shokapu za asili za gari hili ni za mafuta ndani ya mrija wenyewe, kwa hiyo andaa chombo cha kupokea mafuta meusi. Safisha mrija, uukaushe, kisha uweke katriji mpya pamoja na mafuta kidogo ya injini kuzunguka kando zake. Mafuta hayo husafirisha joto kutoka kwenye katriji hadi kwenye mrija, na watu wengi huyasahau. Ukikaza nati mpya, itazame inapokaa: inatakiwa iibane katriji kabla ya kufika mwisho wa mrija. Ikigota kwenye mrija huku katriji bado inachezacheza ndani, ongeza kipande cha kujazia chini yake kilichokuja na seti. Kosa hili likipita, utasikia mgongano ule ule ulioanza nao, na utalaumu kila kitu isipokuwa shokapu mpya.

13. Rudisha springi, ukihakikisha ncha yake ya chini imekaa kwenye kigoto cha kiti. Paka grisi kwenye beringi mpya ya kichwa, funga nati mpya ya kujifunga, kisha legeza kibana springi kwa zamu kama ulivyokikaza.

14. Anza kurudisha gari: raki na bushi zake mpya kwanza, kwa kufuata alama yako ya rangi kwenye kapulingi, kisha amu, kisha rodi ya kuzuia, kisha shokapu, kisha viungo vya tairodi. Viungo vipya viingize kwa idadi ile ile ya mizunguko uliyoihesabu wakati wa kutoa vya zamani, ili gari liweze kufika kwenye alaimenti bila kula tairi njiani. Kaza kikamilifu nati za boljointi, za tairodi, bolti mbili za mkono wa usukani na nati tatu za juu, na uweke kota pini mpya. Bolti ndefu ya ndani ya amu na nati ya rodi ya kuzuia ziache zimekazwa kwa mkono tu. Sababu inafuata kwenye hatua ya 16.

15. Jaza grisi kwenye beringi za magurudumu kwa kuisukuma kwa kiganja hadi itokee upande wa pili wa beringi. Rudisha habu na ukaze nati hadi takriban newtonimita 25 huku ukilizungusha habu, kisha irudishe nyuma kwa takriban nyuzi 60, uweke kota pini. Habu lizunguke kwa ulaini, bila mchezo unaohisika ukilitikisa. Beringi iliyokazwa kupita kiasi huungua, na hutajua mpaka harufu ya grisi iliyochomeka ikufikie barabarani.

16. Rudisha kalipa na magurudumu, ushushe gari. Ili upate nafasi ya kuingia chini huku uzito ukiwa magurudumuni, pandisha tairi zote nne juu ya mbao nene zilizo tambarare. Bonyeza mbele ya gari mara kadhaa, ulisukume mbele na nyuma, likae katika kimo chake cha kawaida. Sasa kaza bolti za amu na nati za rodi ya kuzuia kwa kipimo cha kitabu. Bushi ya mpira haizunguki juu ya bolti: imeshikana nayo, na inajipinda. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, utakuwa umeifunga ikiwa tayari imejipinda, na gari likishuka itabaki imesokotwa saa zote. Bushi hiyo mpya itachanika ndani ya miezi michache, na gari litasimama juu kuliko linavyotakiwa.

17. Upangaji wa magurudumu. Kwenye 240Z ya kiwandani kemba (gurudumu kulala ndani au nje) na kasta (mhimili wa kugeukia kulala mbele au nyuma) hazina marekebisho, kwa hiyo ukiambiwa zimerekebishwa, uliza zimerekebishwa kwa kutumia nini. Unachorekebisha ni kuingia kwa magurudumu kwa mbele, na kwa tairi za radiali milimita 2 hadi 3 zinatosha. Unaweza kupima mwenyewe vizuri kabla ya kwenda kwenye mashine: piga mstari mwembamba wa chaki katikati ya kila tairi, upande wa mbele na kwa kimo cha habu. Pima umbali kati ya mistari hiyo miwili. Lisukume gari mbele hadi mistari ile ile ifike nyuma kwa kimo kile kile, upime tena. Umbali wa mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma kwa milimita 2 hadi 3. Rekebisha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa, la sivyo usukani utakaa upande, na shika mpira wa vumbi usijisokote unapozungusha tairodi.

18. Endesha kilomita chache polepole, usiguse mwendo wa juu, kisha rudi na ukague kila nati, kila kota pini, na joto la kila habu kwa mkono. Baada ya wiki moja ya matumizi, kagua tena.

Tatizo likibaki

Usukani unatetemeka kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa. Gari hili lina historia ndefu ya tatizo hili, na mara nyingi sababu ni zaidi ya moja. Anza na magurudumu: rimu za zamani za inchi 14 hupinda kwenye mashimo, kwa hiyo omba fundi wa balansi azungushe rimu na uitazame kwa macho yako. Magurudumu yakiwa sawa, rudi kwenye bushi za raki na kwenye kapulingi. Mtetemo ukija tu breki zikikanyagwa, ni diski.

Gari linavutia upande mmoja. Badilishana tairi za mbele kushoto na kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, ni tairi. Usipohama, linganisha umbali kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma pande zote mbili. Tofauti kubwa humaanisha rodi ya kuzuia iliyofungwa vibaya, mpira uliowekwa kinyume, au kikombe kilichosogea kwa kutu au ajali ya zamani.

Usukani ni mzito na haurudi wenyewe. Kwanza pima upepo wa tairi. Kisha inua mbele na uzungushe usukani. Ukiwa mzito hata magurudumu yakiwa hewani, achanisha tairodi moja moja kutafuta kinachobana: beringi za vichwa vya shokapu, boljointi iliyokosa grisi, au raki iliyokazwa kupita kiasi.

Mgongano unasikika kwenye barabara mbaya ingawa kila kitu ni kipya. Angalia katriji ndani ya mrija wake kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 12, halafu linki za stabilaiza, halafu nati ya katikati ya kichwa cha shokapu.

Gari linatangatanga na kugeuka lenyewe kidogo linapopita kwenye mawimbi ya barabara. Uliza kama liliwahi kushushwa kimo. Springi fupi huinua ncha za nje za amu na za tairodi kwa pembe tofauti, kwa hiyo kila gurudumu linapopanda usukani hujigeuza wenyewe. Ama urudishe springi za kimo cha kiwandani, ama uweke vipande vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo kati ya shokapu na mkono wa usukani, pamoja na bolti ndefu zaidi za daraja lile lile la ugumu. Usichonge vipande hivyo kwa chuma chochote ulichokiokota gereji, na usitumie bolti za zamani zinazoshika nyuzi chache, kwa sababu bolti hizo mbili ndizo zinazoshikilia gurudumu lote.